Haulizwi Kwa Nini

Soko la Coron, mji wa kisiwani, asubuhi ya Jumamosi si mahali pa mtu mwenye haraka, wala si mahali pa mtu aliyechoka, na Marivic siku ile alikuwa vyote viwili. Alisimama mbele ya meza ya ngisi, kikapu mkononi, gauni lake la maua ya njano limelowa pindo kwa maji ya wauza samaki, huku wapishi wa hoteli wakimsukuma upande huu na akina mama wa mjini upande ule. Ndipo sauti nzito ya mwanamume ikapasuka nyuma ya sikio lake.

"Mahal!"

Marivic akageuka. Hakupanga kugeuka, shingo tu haikumwomba ruhusa. Kwa watu wa pale mahal ni mpenzi, na neno lile lile ndilo la kulalamikia bei: kitu ghali nacho ni mahal, na mpaka leo hakuna aliyeona haja ya kuyatenganisha. Aliyelitamka alikuwa mtu mrefu, ameiva kwa jua, nywele zimekuwa kahawia kwa chumvi, fulana imetoboka begani. Wala hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama ngisi.

"Nani mpenzi wako hapa?" Marivic akamuuliza.

"Samahani, dada. Nilikuwa naongea na huyu ngisi. Peso mia nne kilo, jamani! Lakini kama umeitika wewe, mimi ni nani hata nikatae?"

"Sijaitika. Nimegeuka tu."

"Shingo imeitika."

"Shingo yangu inauma, Kuya. Inajigeukia yenyewe."

"Aa, usiniite Kuya. Mwanamke akishamwita mtu kaka, mlango umefungwa."

"Kwani ulikuwa wazi lini?"

Muuza ngisi akapiga meza kwa kisu. "Nyie wawili, nunueni au mkachumbiane barabarani! Mnanizibia wateja!"

Wakanunua kilo moja, wakagawana. Jina la mwanamume yule Delfin, maana yake pomboo, na tangu utotoni watu walimcheka kwamba mama yake alijua atazaa pomboo. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kazi yake ilikuwa kuwashusha watalii kwenye meli za kivita za Wajapani zilizozama karibu na visiwa vile zamani za vita, ambazo sasa zimeota matumbawe na kujaa samaki. Miaka kumi na sita alikuwa akizama na kupanda, na masikio yake yalianza kulalamika.

Marivic alikuwa na thelathini na sita na alikuwa dobi. Si dobi wa ndoo. Alikuwa na mashine tatu katika chumba kimoja barabara ya nyuma ya kanisa, akifua mashuka ya nyumba za wageni na mavazi ya mpira ya wapiga mbizi. Mashine hizo alizinunua kwa miaka tisa ya kazi Hong Kong, akimtunza mzee mmoja aliyeitwa Fung, aliyepata kiharusi, asiyesikia wala kusema. Mzee Fung alizungumza kwa dole gumba. Uji mzuri, dole juu. Dawa nimekunywa, dole juu. Fungua dirisha, ndiyo, dole juu. Naye Marivic akamjibu hivyo hivyo, kutwa mara hamsini, miaka tisa, mpaka mzee akafa na yeye akarudi nyumbani na uchovu ambao usingizi haukuutoa.

Kumbe mavazi ya mpira ya Delfin alikuwa akiyafua mwaka mzima bila kumjua mwenyewe.

"Lile lililochanika goti? Ni lako?" akamuuliza kwenye simu Jumatatu yake. "Mbona linanuka hivyo?"

"Ni jasho la woga, mahal."

"Mahal ipi hiyo? Ya bei au ya mtu?"

"Nikilipia kufuliwa nitakwambia."

Basi ikawa hivyo. Delfin akirudi kutoka baharini saa kumi jioni hupita dukani, miguu imejaa mchanga, mkononi mikate ya moto kwenye mfuko wa karatasi. Hakuwahi kuingia kwa maneno kwanza. Husimama mlangoni, akaunganisha kidole cha shahada na dole gumba kuwa duara, akauinua mkono. Huko chini ya maji ndiyo salamu ya wazamiaji: uko sawa? Na mwenzako lazima akujibu kwa duara lile lile, la sivyo una wasiwasi naye. Marivic akajifunza kujibu huku mikono imejaa povu.

"Chini kuna nini hata watu watoke Ulaya kuja kuangalia vyuma vya kutu?" alimuuliza siku moja.

"Kuna kimya. Unaingia kwenye ubavu wa meli, unaona mwanga unapita kwenye matundu, unaona chungu cha mpishi bado kiko jikoni. Na hakuna anayekuita. Halafu kuna sheria moja naipenda kuliko zote. Mtu yeyote, awe mgeni wa siku ya kwanza, akisema tumemaliza, tunapanda, basi wote tunapanda. Na haulizwi kwa nini. Si pale, si kwenye boti, si kesho yake."

"Hata kama amewaharibia siku?"

"Hata. Anajua mwenyewe alichokiona."

Marivic akaongeza sabuni, mashine ikazunguka. Maisha yake yote alikuwa akiulizwa kwa nini. Kwa nini huna mume, kwa nini umerudi, kwa nini hurudi tena. Sheria ile ikamkaa moyoni.

Mwezi Machi ndipo mambo mawili yakaja wiki moja. La kwanza lilikuja kwa simu. Bi Cora, wakala wa kazi wa Manila, alikuwa na nafasi: bibi kizee wa Hong Kong, miaka miwili, mkataba mzuri. Marivic akasema atafikiri. La pili lilikuja na mikate.

"Nimepata boti ya watalii," Delfin alisema. "Miamba ya mbali, katikati ya bahari, mpaka Juni. Huko mtandao haufiki, simu ni kioo cha kujitazamia tu. Nikirudi naacha kuzama kila siku, Ligaya atanipa kazi ya kufundisha hapa hapa mjini." Ligaya ndiye mwenye boti ambaye Delfin alikuwa akimfanyia kazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora. "Marivic, nikirudi tuoane. Usinijibu sasa. Ijumaa saa tatu asubuhi tunaondoka. Njoo gatini unijibu."

Angeweza kumjibu palepale. Ndiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini ilikuwa miaka mingi hajaulizwa kitu kizuri, akataka akae nacho siku tatu.

Ijumaa akavaa blauzi ya buluu aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya kanisa, akapaka rangi ya midomo. Saa mbili na nusu bomba la mashine ya katikati likachomoka. Maji chumba kizima, mashuka ya wageni yanaelea! Mpaka akaziba, akapiga deki, akarukia bajaji, saa tatu ilikuwa imepita. Alifika gatini anahema, blauzi imelowa, kandambili moja imekatika ukanda.

Boti ilikuwa imeshajitoa, mita hamsini hivi. Injini inanguruma, mtu huwezi kusikia hata jina lako. Delfin alikuwa kwenye sitaha ya nyuma, amesimama. Alipomwona, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, ncha za vidole zikagusana, akawa duara kubwa. Ndivyo wanavyoulizana wakiwa mbali juu ya maji: sawa?

Marivic alikuwa na furaha, na furaha haikumbuki mafunzo. Mikono yake ikafanya ilichokifanya miaka tisa kila ilipotaka kusema ndiyo. Akainua madole gumba yote mawili, juu kabisa, akayatikisa.

Delfin akashusha mikono. Akasimama kidogo, kisha akainua mkono mmoja, akageuka, akaingia ndani. Marivic akadhani ameitwa kazini. Hata hivyo akatoa simu akaandika: *Safari njema. Jitunze.* Mengine aliyaweka akiba ya Juni, hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu.

Saa nane mchana jibu likaingia. *Nimeelewa, Marivic. Asante kwa kunijibu waziwazi. Haulizwi mtu kwa nini. Jitunze nawe.*

Akalisoma mara tatu, amekaa juu ya furushi la mashuka. Nimeelewa nini? Haulizwi nani? Akapiga, simu haipatikani. Akapiga tena jioni, ile ile. Ndipo akaanza kuunganisha, na mtu aliyechoka akianza kuunganisha huunganisha vibaya. Alishusha mikono. Aligeuka. Akaingia ndani. Sasa anasema nisimuulize kwa nini. Kumbe mtu anaweza kuomba kitu, akapewa, akakiogopa! Marivic hakulia. Alichomoa mashuka kwenye mashine, akayakamua, akayaanika, na kesho yake hivyo hivyo.

Aprili ikapita, Mei ikapita. Saa kumi jioni alijifunza kuelekeza kiti kwenye ukuta ili asiutazame mlango. Bi Cora alipiga kila wiki.

"Marivic, mwanangu, bibi yule anasubiri. Kuna nini cha kukuweka huko?"

"Hakuna, Bi Cora."

"Basi sema ndiyo."

"Nipe mpaka Juni."

Juni ikafika na Bi Cora akaweka siku: Jumapili mchana ndiyo mwisho, asiposema neno atapewa mwingine. Jumamosi yake Marivic akabeba mavazi ya mpira yaliyokauka, akampelekea Ligaya na kumuaga.

"Hong Kong?" Ligaya akapaza sauti hadi ndege wa plastiki mlangoni mwa ofisi yake akatikisika. "Tena? Mtoto wewe umerudi juzi!"

"Miaka miwili si juzi."

"Na hizi meli umeziona?"

"Nimezifua chumvi yake miaka miwili. Sijaziona."

"Haiwezekani. Kesho asubuhi unakuja na mimi. Kuna ndogo iliyolala karibu na kisiwa, mgongo wake mita tatu tu chini, hata bibi yangu angeshuka. Usibishe! Ukienda huko kwa wazee uwe na kitu cha kufikiria."

Marivic hakubisha. Kubisha kunahitaji nguvu.

Jumapili bahari ilikuwa imetulia, maji yanaonyesha mpaka chini. Marivic alikaa kwenye ubao wa boti ndani ya vazi la mpira lililombana kifua na kumwacha wazi vifundoni, mtungi wa hewa pembeni, anajiona kituko. Ligaya akakaa mbele yake.

"Sikiliza. Chini hatusemi, tunaonyesha. Hii, duara?"

"Sawa. Ni swali na ni jibu."

"Nani kakufundisha? Usinijibu, najua. Hii, mkono sikioni?"

"Sikio linauma."

"Vizuri. Na hii?" Ligaya akainua dole gumba.

"Safi," Marivic akasema. "Ndiyo. Nimekubali."

"Ebo! Thubutu. Hii ni *tumemaliza, tunapanda*. Ukinionyesha hii, hata kama tumeshuka dakika moja, tunapanda, na sikuulizi kwa nini. Kila mgeni anaikosea, lakini… we, Marivic. Mbona umekuwa hivyo? Kichefuchefu?"

Marivic alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili. "Ligaya. Mtu akiwa gatini. Mwenzake kwenye boti kamuuliza sawa. Huyu akamwonyesha madole mawili, hivi…"

"Kwa mzamiaji? Mawili? Hiyo ni kupiga kelele: imekwisha, imekwisha!"

"Mimi nilikuwa nasema ndiyo."

"Ulikuwa unamwambia nani ndiyo?"

"Delfin."

Ligaya akapiga kofi paja lake. "Mama yangu wee! Yaani yule mtu alivyorudi Alhamisi, amenywea kama nguo iliyokamuliwa, haongei, hali, anazunguka mji mzima asipite barabara ya kanisa ili *asikusumbue*, sababu ni dole gumba?"

"Amerudi?"

"Amerudi. Kanywe maji. Halafu vaa miwani, tushuke, maana ukikaa hapa utazimia."

Wakashuka. Mwanzoni Marivic alisikia pumzi yake tu, inaingia na kutoka kwa kishindo, kana kwamba mtu mwingine amekaa ndani ya kichwa chake. Kisha ile meli ikatokea chini ya miguu yake: mbavu za chuma zimeota matumbawe ya zambarau na ya rangi ya kiini cha yai, mlingoti umelala, samaki wadogo wanaingia tundu hili na kutokea lile wasijali vita ya nani. Ligaya akamshika mkono wakapita juu ya sitaha. Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu, kama alivyoambiwa. Miaka mingapi meli hii iko hapa, haiendi popote, haitumwi na mtu?

Ndipo akalia. Kumbe hata ndani ya miwani ya kuzamia mtu analia, machozi yanajaa chini ya macho na hayana pa kwenda. Aliwalilia wote wawili, yeye na Delfin, watu wazima, kila mmoja na uchovu wake, waliopoteza miezi mitatu kwa kuheshimiana. Ligaya akamwonyesha duara: sawa? Marivic akafikiri kwanza. Akajibu duara. Ilikuwa kweli.

Walipopanda, boti ya pili ya Ligaya ilikuwa imefunga kamba kwenye boya lile lile, boti ya kijani, mashine yake ya kujazia mitungi inapiga makelele. Na nyuma, amejikunja juu ya mitungi, fulana ile ile imetoboka bega lile lile, alikuwa Delfin. Akainua uso, akamwona. Akamwinamia kichwa kwa adabu, namna mtu anavyomsalimu mke wa jirani, akarudi kwenye mitungi yake.

"Delfin!" Marivic aliita. Wapi! Ile mashine ilimeza kila kitu.

Basi akapanda kwenye ubao wa mbele, nywele zimemganda usoni, alama ya miwani imemzunguka macho, vazi linatiririka maji. Blauzi ya buluu haikuwepo, rangi ya midomo haikuwepo. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vikagusana, akawa duara kubwa. Akakaa hivyo hivyo.

Delfin akatazama. Akatazama nyuma yake, labda anaonyeshwa mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akasimama polepole, naye akainua mikono, duara: sawa?

Marivic akazidi kulibana lile duara mpaka mabega yakamuuma.

Delfin akaukumba mtungi kwa goti ukaangukia sitaha, mtu akamtukana, yeye akaruka majini na fulana yake na suruali yake. Alifika kwenye ngazi ya boti ya kina Marivic anahema.

"Unaniambia nini?" akauliza, ameshika ngazi, hapandi.

"Nakujibu. Ulichoniuliza Machi."

"Machi ulinijibu."

"Machi nilikwambia ndiyo! Kwa Mzee Fung dole ni ndiyo. Miaka tisa, Delfin, mkono wangu unajua ndiyo hiyo moja."

Delfin akaufuta uso kwa kiganja. Hakucheka wala hakulia, alikuwa kama mtu aliyetua mzigo na hajajua aweke wapi mikono. "Nilijiambia hivyo. Nilijiambia labda ni dole la watu wa nchi kavu. Halafu ukaniandikia safari njema, jitunze."

"Sasa mtu anayesafiri aandikiwe nini?"

"Nilikuwa nimechoka, Marivic. Mtu akichoka, neno baya analiamini upesi."

"Na mimi sikuchoka? Kwa nini hukuniuliza? Swali moja tu!"

"Sheria. Haulizwi…"

"Sheria ni ya chini ya maji! Mimi nilikuwa juu ya zege, nimevaa kandambili moja!"

Ligaya, aliyekuwa anajifanya kukunja kamba, akatoa kicheko kilichosikika mpaka boti ya kijani. "Mpandishe huyo kabla hajayeyuka."

Akampandisha. Wakakaa chini kwenye kivuli cha turubai, mabega yanagusana, maji yanawachuruzika wote wawili.

"Mahal," Delfin akasema.

"Ipi?"

"Zote mbili. Umenigharimu miezi mitatu."

Simu ikalia ndani ya mfuko usioingia maji. Marivic aliitazama, akajua ni nani, akafungua kwa vidole vyenye mikunjo ya maji.

"Marivic, mwanangu, mchana ndio huu," sauti ya Bi Cora ikasema. "Niwaambie unakuja?"

"Hapana, Bi Cora."

"Hapana? Baada ya miezi yote hii? Kwa nini?"

Marivic akamwangalia Delfin. Akainua dole gumba mbele ya uso wake, safari hii kwa maana ya wazamiaji, akalitazama mwenyewe.

"Nimemaliza," akasema. "Huku kwetu mtu akimaliza, haulizwi kwa nini."

Akakata simu. Kisha uchovu wote wa miaka ile ukamshukia kwa pamoja, mzito, mtamu, akashindwa hata kuvua lile vazi la mpira.

"Sasa nataka kulala," akasema.

"Lala."

Delfin akakunja taulo, akaliweka pajani, Marivic akaegemeza kichwa, na kabla hajamaliza kumwambia asimvute nywele alikuwa ameshasinzia. Ligaya akafungua kamba kwenye boya, akawasha injini, akaelekeza boti mjini polepole asimwamshe.